Wa chuo au wa shule: ninavyopima vijana usiku wa drafti

Usiku mmoja wa Julai 2025 tulikuwa barazani kwangu Kisauni, kusi linavuma, birika la kahawa lishapoa, simu tumeiegemeza ukutani, tunatazama drafti ya besiboli ya Marekani. Zamu ya kwanza ya kuchagua ilikuwa ya timu ya Washington Nationals. Likatajwa jina la Eli Willits, shotstopu, yaani mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, wa shule ya upili kutoka Oklahoma, miaka 17. Mpwa wangu akainuka kitini.

"Mjomba, huyu ni mdogo kwangu! Sasa mtu amchukue mtoto kama huyu, au angojee hawa wa chuo?"

Nilimjibu kwa ufupi, maana zamu yetu wenyewe ilikuwa yaja. Hapa nataka nijibu kwa kituo, kwa ajili yake na kwa yeyote anayeanza kuufuata mchezo huu na kutaka kuchagua kwa akili.

Drafti ninayoisema si ile ya vizibo vya soda. Ni siku ambapo timu 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani huchukua zamu moja baada ya nyingine kuchagua vijana. Ilianza 1965, na siku hizi ina raundi 20. Sisi hapa Mombasa tuko watu 10. Raundi ya kwanza ikiisha kule, kila mmoja wetu huchagua vijana 3 kati ya waliotajwa, akawashika mpaka wafike ligi kuu, na pointi tunazihesabu kwa kazi watakayoifanya huko. Pesa haiwekwi, kamari hatuchezi. Anayeshika mkia hununua kahawa na halua za baraza Ramadhani nzima. Nimezinunua mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa la namna moja.

Besiboli nilifundishwa na kakangu aliyehamia Columbus, Ohio, kwa simu, mechi baada ya mechi, saa nane za usiku wa huku. Lakini kupima vijana nilijifunza Magarini, kwenye maembe, kwa sababu maembe ndiyo kazi yangu.

Mwezi wa nane na wa tisa, miembe ikishachanua, sisi wanunuzi huingia mashambani. Mwenye shamba anataka karo ya watoto sasa hivi. Mimi nataka ngowe za Desemba. Tunauzunguka mti, tunatazama maua, tunakubaliana bei ya mti mzima. Bei huwa ndogo, kwani kati ya ua na kreti pana mvua isiyo na miadi, pana ubwiri, pana nzi wa matunda, pana upepo, na pana watu wa usiku. Asiyetaka mashaka hayo husubiri soko la Kongowea alfajiri, lori likifunguliwa. Pale unalishika embe, unalibonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba, unanusa, unajua. Lakini jirani yako naye ananusa. Bei ishapanda, na faida iliyobaki ni ya kuokoteza.

Kumchukua kijana wa shule ni kununua maua, wa chuo ni kununua kreti. Biashara zote mbili zinalipa na zote mbili zinafilisi. Ndiyo maana siulizi nani bora kati ya wa shule na wa chuo. Nauliza hivi: kwa kijana huyu mmoja, yaliyobaki bila kujulikana ni mangapi, na je, bei yake imeshuka kiasi cha kuyafidia? Kwetu bei ni zamu. Zamu ya kwanza ni ghali, ya ishirini na tano ni rahisi.

Anza kwa kujua nani yuko wapi. Wa shule ya upili ni yule aliyemaliza shule Marekani, Kanada au Puerto Rico na hajaingia chuoni. Wengi wana miaka 17 au 18. Akishajiunga na chuo kikuu cha miaka minne, kwa kawaida hachaguliki tena mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Wa vyuo vya miaka miwili huweza kuchaguliwa wakati wowote. Kwa hiyo unapowaweka wawili hawa mezani, kati yao mara nyingi pana miaka 3, na hiyo ni miaka 3 ambayo mwili wa mvulana hubadilika kabisa. Wa chuo ameshapita hapo, na umbo unaloliona ndilo. Wa shule bado hujui atakomea wapi.

Kisha jiulize una subira ya miaka mingapi. Angalia 2023. Pittsburgh Pirates walimchukua wa kwanza Paul Skenes, mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, wa chuo kikuu cha LSU (Louisiana State). Mei 2024, miezi 10 tu baadaye, alikuwa akirusha ligi kuu, na mwaka huohuo akatwaa tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi yake ya National, moja kati ya mbili zinazounda ligi kuu. Wa tatu siku ile alikuwa Max Clark, mvulana wa shule kutoka Indiana, aliyechukuliwa na Detroit Tigers. Msimu wa 2025 Clark bado alikuwa ligi ndogo, zile za chini ambako timu hulea vijana wake, na hakuna aliyeshangaa, ndiyo njia ya wa shule ilivyo. Hata kanuni za ligi zinalijua hilo: aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini, timu yake ina misimu 5 kabla ya kulazimika kumweka kwenye orodha yake ya wachezaji 40 au kuhatarisha kunyang'anywa, aliyesaini akiwa na 19 au zaidi ana misimu 4. Ukiwa na njaa ya pointi za mwaka kesho, usinunue maua.

Sasa niingie kwenye jambo lililoniuma, na hapa naomba usisome haraka: tenganisha warushaji na wapigaji. Usiwapime kwa mzani mmoja hata siku moja.

Mwaka 2013 Houston Astros walimchukua wa kwanza Mark Appel, mrushaji wa Stanford. Mimi nami nikamchukua. Nilijiambia huyu ni embe la kreti, yuko mwaka wa nne chuoni, kitaharibika nini? Bega na kiwiko vikamsumbua, 2018 akaacha mchezo, akarudi baadaye, na ligi kuu aliigusa 2022 na Philadelphia Phillies akiwa na miaka 30. Mwenzetu anayeuza vitambaa Mtaa wa Biashara alimchukua aliyefuata, Kris Bryant, mpigaji wa chuo kikuu cha San Diego. Bryant akawa mchezaji mpya bora 2015, mchezaji bora kabisa wa ligi yake 2016, na mwaka huo Chicago Cubs wakachukua ubingwa. Kahawa niliinunua mimi.

Mwaka uliofuata sikujifunza. Nikasema, ikiwa chuo kimeniponza, narudi shule. Astros tena walikuwa wa kwanza, wakamtaja Brady Aiken, mvulana wa San Diego anayerusha kwa mkono wa kushoto, mwendo mzuri kama maji. Nikamchukua palepale. Baada ya kumpima afya timu ikatilia shaka kiwiko chake, mazungumzo yakavunjika, hakusaini. Mwaka 2015 akapasuliwa kiwiko, Cleveland wakamchukua wa 17, na ligi kuu hakufika. Aliyemfuatia kwenye drafti ile ya 2014 alikuwa Tyler Kolek, mvulana wa Texas aliyekuwa akifikisha maili 100 kwa saa akiwa bado shuleni. Naye hakufika. Wawili wa mwanzo wa drafti nzima, warushaji wote wawili, wa shule wote wawili, na hakuna hata mmoja aliyerusha mpira mmoja wa ligi kuu. Wa tatu, Carlos Rodón wa chuo kikuu cha North Carolina State, alikuwa ligi kuu Aprili iliyofuata. Wa saba, Aaron Nola wa LSU, alifika Julai 2015.

Sababu iko ndani ya kiwiko. Pale kwa ndani pana kano fupi linaloshikanisha mfupa wa juu na wa chini, na kila mpira wa kasi unalivuta. Likikatika, daktari huchukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili akalipandikiza hapo. Upasuaji huo unaitwa Tommy John, kwa jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974, na daktari Frank Jobe. Anayefanyiwa hukaa nje mwaka mzima au zaidi. Mvulana wa 17 anayerusha maili 97 ana nguvu za mtu mzima juu ya kano ambalo halijakomaa, na bado ana miaka kadhaa ya ligi ndogo mbele yake, kila mwaka na mipira yake. Wa chuo naye kano lake linavutwa, lakini miaka 3 ya mvuto huo ishapita ukiwa hujalipa kitu, na ukitaka kujua alirusha inningi ngapi, vile vipande 9 vya mechi, zimeandikwa.

Timu zenyewe zinaogopa. Tangu 1965 hadi drafti ya 2025, hakuna hata mrushaji mmoja wa shule wa mkono wa kulia aliyewahi kuchaguliwa wa kwanza kabisa. Wa mkono wa kushoto wamechaguliwa watatu tu: David Clyde 1973, Brien Taylor 1991, na Aiken. Clyde alitoka shule akapelekwa moja kwa moja ligi kuu na Texas Rangers kabla mwezi haujaisha, na mkono wake haukudumu. Taylor aliumia bega katika ugomvi nje ya uwanja, hakufika.

Lakini nisikwambie uwakimbie wote. Clayton Kershaw alikuwa mrushaji wa shule kutoka Texas, akachaguliwa wa 7 mwaka 2006, na ni katika warushaji wakubwa kabisa wa zama zetu. Katika drafti ileile ya 2014 iliyonipiga, Jack Flaherty, naye wa shule, alichukuliwa na St. Louis Cardinals wa 34, akafika na akafanya kazi. Tazama zamu: wa 34, bei ya maua! Kanuni yangu tangu hapo ni kwamba mrushaji wa shule simchukui kwa zamu yangu ya kwanza, hata awe anarusha moto. Kwa zamu ya tatu namsikiliza.

Kwa wapigaji mambo yanageuka. Hapo wa shule ndio mali, na wengi wanaoogopa maua hukosa mavuno yote. Mike Trout alichaguliwa na Los Angeles Angels mwaka 2009, wa 25, kutoka shule ya Millville, New Jersey. Ishirini na nne walitajwa kabla yake. Baridi ya kule hufanya mechi za masika kuwa chache, na maskauti wengi, wale wanaotumwa na timu kutazama vijana, hawakumwona vya kutosha wala hawakuamini waliyoyaona. Mimi jambo hili nalielewa sana, kwa kuwa miti yangu bora Magarini iko nyuma ya barabara mbovu ambayo madalali wenye magari madogo hawaipiti. Tunda ni lilelile. Kilichoshusha bei ni udhia wa kulifikia. Trout alikuwa ligi kuu 2011 akiwa na miaka 19.

Na kuna jambo la umri ambalo ningependa ulishike: kwa wa shule, hesabu miezi, usihesabu miaka. Trout alikuwa na miaka 17 siku alipochaguliwa. Willits naye 17, katika wadogo kabisa waliowahi kutajwa wa kwanza. Katika darasa moja unaweza kukuta mmoja amekaribia 19 na mwenziwe hajafika 18. Wote wanapiga vizuri, lakini mkubwa anapiga vizuri kwa sababu ni mkubwa. Mdogo anayelingana naye bado ana nafasi ya kukua. Ngowe mbili zikiwa na ukubwa mmoja, na moja ilichanua wiki tatu baada ya mwenziwe, nataka ile iliyochelewa.

Namna ya kumsoma mpigaji wa shule: puuza wastani wake wa shuleni. Anaweza kupiga asilimia sitini kwa sababu anarushiwa na watoto watakaokuwa mahasibu. Tafuta alivyofanya kwenye mashindano ya kiangazi, ambapo bora wa nchi nzima hukutanishwa na kupewa magongo ya mbao. Angalia anakosa mpira mara ngapi. Anayekosa sana mbele ya warushaji wazuri akiwa na 17, nguvu zake hazitamsaidia.

Wa chuo ana takwimu nyingi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Magongo ya vyuoni ni ya chuma, ya ligi ndogo na kuu ni ya mbao. Mpira uliopigwa karibu na mkono hutoka salama kwenye chuma. Kwenye mbao hulivunja gongo. Kwa hiyo kabla ya kumwamini mpigaji wa chuo, tazama kama alicheza ligi ya kiangazi ya Cape Cod, Massachusetts, ambayo tangu 1985 hutumia mbao. Mwezi mmoja wa Cape Cod naupa uzito kuliko homurani 20 za masika, ile mipira inayopigwa ikavuka uzio.

Jambo jingine nililofundishwa na kakangu, na halichukui dakika tano: tazama siku za wiki. Timu za vyuo hukutana mechi 3 mfululizo, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na mrushaji bora huwekwa Ijumaa. Katikati ya wiki, mara nyingi Jumanne, hupewa nafasi warushaji wa akiba. Mpigaji mwenye takwimu tamu, zifungue. Ukikuta homurani zake nyingi ni za Jumanne, mwache. Ukikuta Ijumaa anapewa besi ya bure, kwa kuiacha mipira mibovu ipite, karibu sawa na mara anazotolewa kwa kukosa, huyo anaona mpira, na jicho la namna hiyo huenda nalo hadi juu.

Pesa nitaisema kwa kifupi, ila usiiruke, maana inaficha thamani ya kweli. Kila timu ina fungu la bonasi kwa raundi 10 za kwanza, na ikilizidisha kwa zaidi ya asilimia 5 inapoteza nafasi ya raundi ya kwanza ya mwaka ujao. Mvulana wa shule ana mlango wa pili: akikataa anakwenda chuo. Gerrit Cole alichaguliwa na New York Yankees mwaka 2008 akiwa shuleni, wa 28, akakataa, akaenda UCLA, na 2011 akachaguliwa wa kwanza. Ndiyo maana wa shule hushuka hadi zamu za chini si kwa ubaya bali kwa kuwa timu haziwezi kumlipa, na timu nyingine huchukua wa kwanza anayekubali kidogo ili zibaki pesa. Mwaka 2012 Astros walimsainisha Carlos Correa wa Puerto Rico kwa dola milioni 4.8, chini sana ya bei ya nafasi yake, na akiba ile wakampa Lance McCullers, mvulana wa shule, wakiwa zamu ya 41. Mwaka 2025 Willits, wa kwanza, alipata milioni 8.2, Ethan Holliday wa Colorado Rockies, wa nne, alipata milioni 9. Kwa hiyo usisome namba ya zamu peke yake. Soma na bonasi, ndiyo inayoonyesha timu inamthamini vipi.

Na usijifunge kwa sheria isiyo na mlango. Mwaka 2002 Oakland Athletics walikuwa na zamu 7 katika raundi ya kwanza na zile za nyongeza, wakachukua wa chuo wote 7. Walipata Nick Swisher na Joe Blanton, wachezaji wazuri. Lakini waliokuwa shuleni mwaka ule ni Zack Greinke, Prince Fielder, Cole Hamels, Matt Cain na Joey Votto. Greinke na Fielder walikwenda mapema, Oakland wasingewafikia. Hamels, Cain na Votto walikuwa bado wapo Oakland walipoanza kuita majina.

Usiku wenyewe mimi hushika daftari la hesabu la sokoni. Kila jina lina mistari mitatu: umri kwa miezi, yasiyojulikana, na zamu ninayokubali kumlipia. Jina likidai zamu ya ghali kuliko hiyo silifuati, hata wenzangu wakishangilia. Mwaka 2025 zamu yangu ilipofika nilimchukua Kade Anderson, mrushaji wa LSU aliyekwenda Seattle Mariners wa tatu, ambaye mwezi uliotangulia alirusha mechi nzima ya fainali ya vyuo Omaha bila mpinzani kufunga. Yasiyojulikana niliandika moja: kiwiko.

Mpwa wangu alimtaka Willits. Nikampa daftari aandike mwenyewe. Akaandika miaka 17 na miezi 7. Kwenye yasiyojulikana akajaza mstari, akageuza ukurasa, akaendelea. Kisha akauliza, "Mjomba, nimngojee mpaka lini?"

"Mpaka 2028, mwanangu. Na usiwe unamchungulia kila asubuhi."

Akaandika 2028 pembeni ya jina, akapiga mstari chini yake, akaenda kupasha kahawa.